SSD ya bei nafuu Kampala: Mnunuzi aipime kabla basi halijaondoka

KAMPALA. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi wa mipakani halimo tena mfukoni wala chini ya kaunta. Limo ndani ya kompyuta mpakato: orodha ya wadeni, bei za mzigo wa mwezi uliopita, picha za hati za forodha, ankara za wateja wa nchi tatu.

Mamlaka za kodi nazo zimesukuma mambo upande huo. Tangu Januari 2021, Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) inawataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT watoe ankara kupitia mfumo wa EFRIS. Kenya ina eTIMS na Tanzania ina mashine za EFD. Sheria ya Uganda ya taratibu za kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kompyuta ikifa njiani, wajibu huo haufi pamoja nayo.

Hapo ndipo SSD inapoingia. Ni diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na hununuliwa kuchukua nafasi ya diski ya zamani iliyochoka. Kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa sekunde chache baada ya badiliko hilo moja. Kwa mwenye kompyuta ya mitumba, hii mara nyingi ni njia nafuu ya kuahirisha kununua nyingine.

Lakini bei nafuu ina maana tofauti kwa watu tofauti. Mkazi wa Ntinda akiuziwa SSD mbovu kwenye duka la Kampala Road, hasara yake ni nauli ya bodaboda na nusu siku. Aliyetoka Bukoba kupitia Mutukula, Kisumu kupitia Busia, Butembo kupitia Mpondwe au Juba kupitia Elegu ana hesabu nyingine. Kutoka Kampala hadi Mutukula peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Kurudisha kifaa kibovu ni nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na duka lililofungwa nyumbani. Kwa hiyo bei ya kweli ya SSD kwa mfanyabiashara wa mpakani ni bei ya dukani pamoja na uwezekano wa kurudi nayo.

Kwa mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko: duka moja linauza SSD ya gigabaiti 480 kwa shilingi 140,000 za Uganda, kwa risiti na waranti ya maandishi. Mchuuzi wa pembeni anaiuza ya ukubwa huohuo kwa 100,000, bila karatasi. Mnunuzi anaona ameokoa 40,000. Kama safari ya kurudi Kampala inamgharimu 120,000, kosa moja tu linameza akiba hiyo mara tatu.

Kwanza ijulikane inaingia wapi

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kufika dukani: kutojua kompyuta inapokea SSD ya aina gani. Zipo aina tatu ambazo mnunuzi atakutana nazo.

Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5, kibapa cheusi au cha fedha chenye umbo la diski ya kawaida ya kompyuta mpakato. Hii ndiyo inayoingia katika Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad nyingi za miaka ya 2012 hadi 2015, zile zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa Afrika Mashariki.

Ya pili ni M.2 ya SATA, na ya tatu ni M.2 ya NVMe. Hizi mbili zinafanana kama mapacha: kijiubao chembamba cha upana wa milimita 22, mara nyingi chenye urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Tofauti huonekana kwenye meno ya shaba. Kwa kawaida M.2 ya SATA huwa na pengo mbili na NVMe huwa na pengo moja. Lakini pengo si hakikisho kamili. Lenye uhakika ni maandishi kwenye lebo na maelezo ya mtengenezaji wa kompyuta. M.2 ya NVMe haiwezi kufanya kazi kwenye tundu linalopokea SATA pekee, hata kama skrubu imekaa vizuri.

Tofauti ya kasi ipo, na wauzaji hupenda kuitaja. Diski ya zamani inayozunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama 550. NVMe ya kizazi cha tatu hufika 3,500, na ya kizazi cha nne hukaribia 7,000. Namba hizo zinavutia, ila anayeandika ankara, kufungua faili za Excel na kujibu barua pepe huhisi mruko mkubwa anapotoka kwenye diski ya zamani kwenda SATA. Mruko wa kutoka SATA kwenda NVMe hauonekani sana katika kazi hizo. Kulipia kasi ya kizazi cha nne kwa kompyuta ya mwaka 2014 ni sawa na kununua tairi za lori kwa ajili ya pikipiki.

Yapo pia mambo mawili yanayopaswa kuangaliwa ndani ya mashine. Baadhi ya kompyuta ndogo za bei ya chini zina hifadhi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao wake, na hizo hazibadilishwi. Na kama kompyuta ina RAM ya gigabaiti 4 tu, ni busara kugawa fedha: SSD ya wastani na kuongeza RAM kufika 8, kuliko SSD ya kifahari kwenye mashine inayokosa pumzi.

Njia rahisi ya kuepuka mkanganyiko ni kubeba kompyuta yenyewe hadi dukani. Isipowezekana, namba kamili ya modeli iliyo chini ya kompyuta ipigwe picha, na diski iliyomo ipigwe picha pia.

Ukubwa na bei ya kila gigabaiti

Swali la pili ni ukubwa. Windows 11 inahitaji hifadhi isiyopungua gigabaiti 64 ili iingie, na inahitaji nafasi zaidi ya kupumulia. SSD ya gigabaiti 240 au 256 inamtosha mwenye hesabu, hati na picha chache. Anayetunza picha nyingi za bidhaa, video au programu kubwa za uhasibu ataona nafuu kwenye 480 au 512.

Bei ya lebo haisemi yote. Mnunuzi agawanye bei kwa idadi ya gigabaiti. Kwa mfano wa hesabu tena, 240 kwa shilingi 90,000 ni shilingi 375 kwa kila gigabaiti, na 480 kwa 140,000 ni kama 292. Kwa kawaida bei ya kila gigabaiti hushuka kadiri ukubwa unavyopanda, hadi karibu terabaiti moja. Hata hivyo, unafuu wa gigabaiti ambazo hazitatumika kamwe si unafuu. Kanuni nzuri ni kuangalia kiasi kilichotumika kwenye diski ya sasa, kukizidisha mara mbili, na kununua ukubwa unaofuata. SSD haipendi kujazwa hadi ukingoni. Ikibaki na nafasi ya asilimia 10 hadi 20, hufanya kazi kwa wepesi zaidi.

Mnunuzi pia asishtuke anapoona SSD ya 480 ikisomeka 447 kwenye Windows, au ya 240 ikisomeka 223. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Wizi huonekana kwa njia nyingine, kama itakavyoelezwa.

Hesabu ya uchakavu

Chipu za SSD huchakaa kwa kuandikiwa. Watengenezaji hutaja kiwango hicho kwa herufi TBW, yaani terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa ndani ya waranti. Kingston A400 ya gigabaiti 480 imeandikiwa TBW 160 na waranti ya miaka mitatu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 ina TBW 300 na waranti ya miaka mitano.

Je, mfanyabiashara anahitaji ipi? Anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi ambacho watu wengi wa hesabu na hati hawakifikii, atamaliza TBW 160 baada ya siku 8,000. Hiyo ni karibu miaka 22. Kompyuta itakuwa imezeeka na kutupwa kabla ya hapo. Hivyo hakuna haja ya kulipa mara mbili kwa sababu ya TBW pekee. Anayerekodi video za kamera za ulinzi mchana na usiku, au anayehariri filamu za harusi, ndiye apige hesabu hiyo kwa uangalifu.

Neno jingine la kuangalia ni TLC au QLC. TLC huweka biti tatu katika kila chembe ya chipu na QLC huweka nne. QLC hushusha bei, lakini huchakaa mapema na hupoteza kasi inapoandikiwa mafaili makubwa mfululizo. Kwa bei zinazokaribiana, TLC ichukuliwe.

Kuhusu majina, chipu zenyewe hutengenezwa na kampuni chache duniani: Samsung, SK Hynix, Micron, Kioxia, SanDisk na YMTC ya China. Majina mengine mengi hununua chipu kutoka kwa hao na kuziunganisha. Hilo halizifanyi kuwa mbaya. Swali ni kama jina lililo kwenye boksi lina tovuti, lina karatasi ya maelezo inayotaja TBW, na lina mtu wa kujibu waranti. Jina lisilo na kimojawapo cha hivyo linabaki kuwa bahati nasibu.

Diski inayodanganya

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. SSD ya kuogopwa zaidi ni ile inayotembezwa barabarani au mtandaoni ikiwa na ukubwa wa ajabu kwa bei ya ajabu: terabaiti 16 au 30 za kubeba mfukoni, kwa bei ya gigabaiti 240. Samsung ilipotoa T5 EVO mwishoni mwa 2023, terabaiti 8 zilitajwa kuwa ukubwa mkubwa sana kwa diski ya mfukoni, na bei yake ilikuwa ya mamia ya dola.

Ndani ya makasha ya uongo mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, iliyobandikwa kwenye kijiubao. Programu yake imebadilishwa ili iiambie kompyuta kwamba nafasi ni kubwa. Mnunuzi huweka mafaili, na yote yanaonekana. Nafasi ya kweli ikijaa, kifaa huendelea kupokea, huku kikifuta vya zamani au kutupa vipya. Majina ya mafaili hubaki kwenye orodha. Siku ya kuyafungua, hayafunguki. Mfanyabiashara huigundua hasara hiyo miezi kadhaa baadaye, pengine siku anapotakiwa kuonyesha ankara za mwaka uliopita.

Aina ya pili ya udanganyifu ni SSD iliyotumika kuuzwa kama mpya. Hii ni halisi, jina ni halisi, lakini imekwisha kazi nusu kwenye mashine nyingine.

Saa moja kwenye kaunta

Yote mawili hugundulika, na vifaa vya kugundulia ni programu za bure. Mnunuzi anayebeba kompyuta yake, au anayemwomba fundi wa duka achomeke SSD kwa waya wa USB, anaweza kufanya majaribio haya kabla ya kulipa au mara tu baada ya kulipa, akiwa bado mbele ya muuzaji.

Kwanza ni CrystalDiskInfo. Programu hii husoma kumbukumbu za ndani za SSD yenyewe: modeli, namba ya utambulisho, saa ilizokaa imewaka, mara ngapi imewashwa, kiasi kilichoandikwa na asilimia ya afya. SSD mpya inapaswa kuonyesha saa sifuri au chache mno. Ikionyesha saa 9,000, imefanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila kupumzika, hata kama boksi lina nailoni mpya.

Pili ni kulinganisha namba ya utambulisho katika sehemu tatu: kwenye boksi, kwenye lebo ya SSD na ndani ya programu. Zote zifanane. Baadhi ya watengenezaji, wakiwemo Western Digital na Seagate, wana ukurasa wa mtandaoni wa kuangalia waranti kwa namba hiyo.

Tatu ni kujaza. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huandika data hadi SSD ijae kisha huisoma tena kuona kama kilichowekwa ndicho kilichotoka. Kwa SSD ya 480 yenye kasi nzuri, kuandika na kusoma huchukua takriban dakika 40. Kwa waya wa USB wa zamani huchukua zaidi, na mnunuzi anaweza kuketi nje akala rolex yake ya mayai na chapati. Kasi ikianguka hadi kiwango cha flashi ya kawaida tangu mwanzo, au programu ikisema sehemu ya data imepotea, kifaa hicho kirudishwe palepale.

Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa jaribio hili. Akikataa, maduka mengine hayako mbali. Kinachohitajika ni kupanga safari: SSD inunuliwe asubuhi ya siku ya kwanza Kampala, kabla ya vitenge, vipuri na vyombo vya Kikuubo. Inayonunuliwa dakika za mwisho, mnunuzi akiwa ameshakata tiketi ya basi la usiku, hujaribiwa nyumbani, ambako muuzaji hayupo.

Risiti, waranti na mpaka

Waranti ya miaka mitatu iliyo kwenye boksi ni ya mtengenezaji. Waranti ya duka inaweza kuwa ya miezi au wiki. Mnunuzi aulize ipi inampasa, nani atapokea kifaa kikiharibika, na kama duka litakubali kitumwe kwa basi badala ya yeye kuja mwenyewe. Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya utambulisho wa SSD. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Bila maandishi, mnunuzi hana cha kuthibitisha maelezo hayo.

Risiti ya EFRIS ina msimbo wa QR unaoweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa URA. Inamlinda mnunuzi dukani, na inamsaidia mpakani kuonyesha thamani ya alichobeba.

Anayenunua moja kwa kompyuta yake hana shida kubwa. Anayenunua boksi zima ili akauze Mwanza au Eldoret akumbuke jambo moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa cheti cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. SSD hutoka Asia. Kununuliwa kwake Kampala hakuifanyi kuwa bidhaa ya Uganda. Kompyuta zenyewe zina ushuru wa asilimia 0 katika ushuru wa pamoja wa forodha, ila si salama kudhani kwamba kila kipuri kinaingia katika kundi hilohilo. VAT ni jambo la pembeni: kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Uganda na Tanzania Bara, na 16 Kenya. Swali kwa wakala wa forodha kabla ya kununua ni rahisi kuliko mjadala kwenye dirisha la Mutukula.

Diski ya zamani irudi nyumbani

Fundi akimaliza kuhamisha mafaili, diski ya zamani hubaki mezani, na wengi huisahau hapo au huiacha kama sehemu ya malipo. Ndani yake mna majina na simu za wateja, picha za vitambulisho, nywila na hesabu za miaka. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na taarifa za wateja ni dhamana mikononi mwa aliyezikusanya. Diski hiyo iondoke na mwenyewe.

Tena ina kazi. Ikiwa bado nzima, huwekwa ndani ya kasha dogo la USB na kuwa diski ya nakala ya akiba. Nakala hiyo ni lazima, kwa kuwa SSD ina udhaifu wake. Haidhuriki kwa mitikisiko ya barabara kama diski inayozunguka, lakini ikifa, mara nyingi hufa ghafla bila mlio wa onyo, na kuokoa mafaili yaliyomo huwa kugumu zaidi. Wala haifai kuachwa kabatini kwa miaka bila umeme. Viwango vya JEDEC vinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyomaliza kiwango chake cha kuandikiwa iweze kutunza data kwa mwaka mmoja ikiwa imezimwa, katika joto la nyuzi 30. Mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, ila si stoo ya kudumu.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayepanda basi jioni akiwa na SSD iliyopimwa ndani ya kompyuta, risiti yenye namba ya utambulisho, na diski ya zamani yenye nakala, anabakiwa na jambo moja la kukumbuka: diski hiyo isikae kwenye begi moja na kompyuta. Begi likipotea kati ya Masaka na mpakani, angalau daftari moja lifike nyumbani.